Kupima Kamera ya Joto Mezani Badala ya Baharini

Kamera ya joto itakayochunga vyombo usiku kwenye mkondo wa Unguja hupimwa ndani ya chumba. Boti ya mita 10 ikiwa kilomita 5 kutoka Malindi ya Unguja huonekana kwa pembe ya miliradiani 2, yaani mita 2 kwa kila mita 1,000 za umbali. Tundu la milimita 2 kwenye bamba, likikaa kwenye fokasi (nukta ambapo mionzi hukutana) ya kioo cha kuakisi chenye umbali wa fokasi wa milimita 1,000, hutoa pembe hiyohiyo: kioo huirudisha mionzi yake ikiwa sambamba, kana kwamba inatoka mbali sana.

Kioo kiwe cha parabola, yaani umbo la bakuli linalokusanya mionzi sambamba kwenye nukta moja, kimekatwa upande mmoja ili chanzo cha joto kisizibe njia ya mionzi, na kipakwe dhahabu. Lenzi za kamera ya picha hazifai, kwani infraredi (mionzi ya joto) yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 12 haipenyi humo. Lenzi ya germaniamu hupitisha infraredi lakini huzuia mwanga wa kawaida, hivyo huwezi kuipanga kwa leza nyekundu, kioo unaweza. Upana wa kioo uzidi lenzi ya kamera: kwa lenzi ya milimita 80, chukua kioo cha 100 au zaidi.

Nyuma ya tundu weka chanzo cheusi kisichong'aa, kiwe na joto la nyuzi 2 za Selsiasi zaidi ya bamba lenye tundu. Kamera husoma tofauti hiyo tu. Wengi hudhibiti chanzo wakalisahau bamba: upepo wa kiyoyozi ukilipiga likapoa nusu nyuzi, tofauti inakuwa 2.5, na kamera dhaifu inafaulu mtihani isioustahili. Kila kimoja kiwe na kipimajoto chake, na vyote vifunikwe.

Umbali wa tundu nao haukubali makisio. Likisogea milimita 10 kuelekea kioo, kamera italiona kama kitu kilichopo mita 100 hivi, na ukungu wa picha utadhaniwa ni kasoro ya lenzi.

Kisha unyevu, adui mkubwa wa maabara za visiwani. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 24. Chumba kikipozwa hadi 20, mlango ukiachwa wazi, umande unatanda juu ya dhahabu pamoja na chumvi ya bahari. Usifute kwa kitambaa, dhahabu ni laini. Kabla ya kuzima kiyoyozi au kufungua mlango kwa muda mrefu, funika kioo kwa kifuniko kisichopitisha hewa, na ndani weka silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) iliyokaushwa.