Je, wajua kwa nini shule mbili za msingi za serikali katika manispaa moja hupishana sana matokeo?

Kila matokeo ya Darasa la Saba yanapotangazwa, wazazi wa Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, huanza kulinganisha shule: ya Pasiansi imepata wastani gani, ya Kirumba imepata daraja gani, na ya Igombe imekuwaje mwaka huu. Swali linalofuata ni la haki kabisa. Shule hizi zote ni za serikali, zinafuata mtaala mmoja, walimu wake wanalipwa na mwajiri mmoja, na watahiniwa wake hufanya mtihani ule ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania, siku ile ile. Iweje basi zipishane kwa alama nyingi hivyo? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba wastani wa shule hutuambia kwanza ni watoto gani waliosoma pale na katika mazingira gani, na baada ya hapo ndipo hutuambia namna walivyofundishwa.

Tuanze na wastani wenyewe. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila somo likiwa na alama 50, hivyo jumla ya juu kabisa ni 300. Mtahiniwa mwenye jumla ya 121 hadi 180 hupata daraja C, na B huanzia 181. Wastani wa shule ni jumla ya alama za watahiniwa wote ikigawanywa kwa idadi yao. Shule yenye wastani wa 178 na nyingine yenye 184 zitasemwa kuwa moja ni ya C na nyingine ni ya B, na mzazi anaweza kuamua kumhamisha mtoto kwa sababu hiyo, ilhali tofauti yake ni sawa na alama moja tu kwa kila somo.

Idadi ya watahiniwa nayo hupotosha. Chukua mfano wa shule yenye watahiniwa 30 na nyingine yenye 240, kisha tuseme katika kila shule watoto watano wamejitahidi na kuongeza alama 60 kila mmoja. Katika shule ya kwanza wastani utapanda kwa alama 10, na katika ya pili kwa alama moja na robo. Ndiyo maana shule ndogo huonekana zikipaa mwaka huu na kuporomoka mwaka ujao, bila mwalimu hata mmoja kubadilika. Baraza lenyewe, katika miaka lilipokuwa likipanga shule kwa nafasi, lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi, na kufikia mwaka 2023 lilikuwa limeacha kabisa kutangaza orodha za shule bora. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi, kwa sababu orodha zile ziliweka pamoja shule binafsi zinazowachuja watoto kwa usaili na shule za serikali zinazompokea kila mtoto anayefika getini.

Hata tukizitenga shule binafsi, bado pengo linabaki, na hapa ndipo Ilemela inapokuwa na hadithi yake. Manispaa hii ilimegwa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi 343,001, na ya mwaka 2022 ikahesabu 509,687. Watu hawa hawakusambaa sawasawa. Nyumba zimejengwa kwa kasi katika maeneo kama Buswelu na Kiseke, na shule zilizokuwapo zikajikuta na watoto wengi kuliko vyumba. Mwezi Januari 2016 elimumsingi bila ada ikaanza, uandikishaji wa Darasa la Kwanza ukapanda nchini kote, na watoto wale ndio waliofanya mtihani wa Darasa la Saba mwaka 2022. Halmashauri hujitahidi kuigawa shule iliyozidiwa iwe mbili, A na B, mara nyingi ndani ya uwanja ule ule. Lakini kugawa shule kunaongeza mwalimu mkuu mmoja mapema kuliko kunavyoongeza madarasa.

Msongamano huo unaharibu nini hasa? Kiwango kinachotakiwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu wa Hisabati aliyetoa zoezi la sehemu na desimali akitumia dakika mbili kwa kila daftari, atamaliza madaftari 45 kwa saa moja na nusu. Darasa likiwa na watoto 120, zoezi hilo hilo litamchukua saa nne, na bado ana vipindi vingine siku hiyo. Atafanya nini? Atapunguza mazoezi, au atawaambia wanafunzi wabadilishane madaftari wasahihishiane kwa kufuata majibu ya ubaoni. Mtoto atajua kwamba amekosa, lakini hakuna atakayegundua kwamba kila mara anakosa kwa sababu ile ile, kwa mfano kujumlisha asili na asili (namba za chini za sehemu) halafu kiasi na kiasi (zile za juu). Kosa hilo likianza Darasa la Nne bila kurekebishwa, litamsindikiza hadi chumba cha mtihani. Hisabati na Kiingereza ndiyo masomo ambayo ufaulu wake huwa chini kitaifa mwaka baada ya mwaka, huku Kiswahili kikiongoza, na katika darasa lililofurika masomo hayo mawili ndiyo huumia zaidi kwa sababu yanahitaji kusahihishwa mara kwa mara.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba sifa nzuri ya shule huweza kuwa chanzo cha kuanguka kwake. Shule ikisifika, wazazi wa kata nyingine huwapandisha watoto daladala alfajiri ili wakasome huko. Baada ya miaka michache darasa lililokuwa na watoto 60 linakuwa na 110, na ubora uliowavutia wazazi haupo tena.

Walimu nao hawagawanyiki sawasawa. Ikama ya manispaa, yaani hesabu ya walimu wanaohitajika na waliopo, inaweza kuonekana ya kuridhisha kwenye karatasi, huku shule zilizo kandokando ya lami zikiwa na walimu wa kutosha na zile za Sangabuye au Kayenze zikiwa na wachache. Mwalimu hutafuta mahali penye nyumba ya kupanga, usafiri na zahanati, na wengine huomba uhamisho kuwafuata wenzi wao mjini. Kwa kisiwa kama Bezi, ambako kwenda na kurudi ni kwa mtumbwi, ugumu huo ni mkubwa zaidi.

Kandokando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la matokeo. Uvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, kwa kuwa taa huwavuta dagaa vizuri usiku usipokuwa na mbalamwezi. Siku za giza kazi ya kupokea, kuanika na kugeuza dagaa huwa nyingi, na mikono ya watoto huhitajika. Tena kambi za wavuvi huhama, na familia nazo huhama, hivyo mtoto anaweza kusoma Darasa la Tano katika shule mbili au tatu tofauti. Ongeza na mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabuni shuleni, huku mwenzake wa Kirumba akiwa amekizungumza tangu utotoni. Shule inayowafikisha watoto wa mwaloni, yaani wa pale wavuvi wanapotia nanga, kwenye wastani wa 150 huenda imefanya kazi kubwa kuliko ile ya mjini yenye 190.

Kipimo cha haki, basi, kinapaswa kuangalia safari ya mtoto. Watoto wanaofanya mtihani wa Darasa la Saba walikwisha kufanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne miaka mitatu kabla, na matokeo hayo yapo. Mzazi anayehudhuria mkutano wa shule anaweza kumwomba mwalimu wa taaluma aweke matokeo hayo mawili pamoja: kundi hili lilikuwa na wangapi wa D na E Darasa la Nne, na wangapi wamebaki huko Darasa la Saba? Aulize pia ni wangapi walioacha shule katikati, maana shule inayopoteza watoto dhaifu hupandisha wastani bila kumfundisha yeyote vizuri zaidi. Kisha aangalie mwenendo wa miaka mitatu au minne, na alinganishe na shule ya eneo linalofanana na lake, Igombe kwa Kayenze, Buswelu kwa Kiseke. Na kabla hajatoka, aombe kuona daftari la Hisabati la mwanawe, ahesabu ni mazoezi mangapi yaliyosahihishwa kwa kalamu ya mwalimu tangu muhula ulipoanza.