Mteja Anapoongea Kama Anaaga: Maswali ya Wahudumu wa Baa na Gesti Kuhusu Kujiua

Maswali haya ndiyo yanayowasumbua wahudumu wa baa, watu wa mapokezi, walinzi na wanaosafisha vyumba pale wanapoambiwa kwamba nao wana nafasi ya kuzuia mtu asijiue. Mengine yana ukali kidogo. Tumeyaacha na ukali wake.

Mimi nauza bia na kukusanya chupa. Habari za kujiua si za daktari hizo?

Kutibu ni kwa daktari. Kuona ni kwako, maana saa tano usiku daktari hayupo hapo kaunta.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Huku kwetu wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wao wako miji mikubwa. Mtu aliyezidiwa haanzi kwa kupanga foleni kliniki. Anatafuta pa kukaa ambapo hakuna atakayemhoji: kona ya baa, au chumba cha gesti mtaa ambao hajulikani.

Wewe unajua mteja wako wa Ijumaa anakunywa nini, anakaa wapi, anacheka na nani. Nyumbani kwake pengine hawayaoni mabadiliko unayoyaona wewe, kwa sababu nyumbani ndiko anakojificha zaidi. Hakuna anayekutaka umtibu. Unatakiwa uone, uulize, na umkabidhi kwa mtu mwingine kabla hajabaki peke yake. Ukishafanya hivyo umemaliza kazi yako.

Nitamjuaje? Baa imejaa watu wenye huzuni.

Ni kweli. Na ukimshuku kila anayekuja gesti bila begi, mtafunga biashara ndani ya wiki. Dalili moja haisemi kitu. Zinapokusanyika ndipo usimame.

Anza na maneno. Wengi husema, ila hawasemi moja kwa moja: "nimechoka kuishi", "watoto watakuwa salama zaidi bila mimi", "hutaniona tena dada, asante kwa yote". Kuna anayeyasema huku anacheka, na meza nzima inacheka naye. Wewe usipite tu.

Halafu angalia kilichobadilika. Mchangamfu amekuwa bubu. Anayekunywa mbili sasa anakunywa nane, tena peke yake, uso ukutani. Amelipa madeni yote ya kaunta siku moja bila kudaiwa, amemwachia mlinzi saa yake, amempa mhudumu simu akisema haihitaji tena. Kuna dalili moja inayowapotosha wengi: mtu aliyekuwa na hali mbaya wiki nzima, leo ametulia ghafla, amekuwa mpole na mwepesi. Tunafurahi tukidhani amepona. Wakati mwingine ni kwamba ameshaamua.

Mapokezi wana ya kwao. Mtu wa mji huohuo anakodi chumba peke yake, hana mzigo, analipa tasilimu, anasisitiza asigongewe mlango mpaka kesho kutwa, na macho yake hayatulii. Anayesafisha vyumba anaweza kuona kitanda hakijalaliwa, chakula hakijaguswa, au barua mezani. Akiona, asikae nalo moyoni mpaka mwisho wa zamu.

Mwisho, jua kilichomfika. Kazi imeisha. Mikopo ya kausha damu imemfikisha kwenye kudhalilishwa mbele ya majirani. Mkeka wa kubeti umechanika na ada ya watoto ilikuwa humo. Ndoa imevunjika, majibu ya hospitali yametoka, kuna msiba, kuna kesi. Duniani wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake, na ndio hao hao tuliowafundisha kwamba mwanaume halalamiki. Anaweza asilie mbele yako hata kidogo. Anaweza kuwa mkali, mgomvi, mwepesi wa kurusha chupa.

Nikimuuliza kuhusu kujiua, si nitampa wazo ambalo hakuwa nalo?

Hapana. Hofu hii wanayo hata baadhi ya wauguzi, na watafiti wameifuatilia kwa muda mrefu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunamzidishia mawazo hayo. Kwa wengine yalipungua. Mwenye mawazo hayo anakuwa ameyabeba muda mrefu, akiamini akiyatamka ataonekana kichaa. Swali lako linamfungulia mlango.

Ila uliza waziwazi. "Huna mpango wa kufanya ujinga, sivyo?" si swali, ni kumwomba akujibu hapana ili ninyi wawili mpumue. Sogea karibu, shusha sauti, msiwe mbele ya watu: "Kaka, leo sikuoni kama nilivyokuzoea. Umesema umechoka kuishi. Je, unafikiria kujiua?" Kwa mtu mzima, anza na shikamoo na umwombe radhi kwa kumwingilia: "Shikamoo mzee. Nisamehe, mimi ni kama mwanao, lakini nimesikia ulivyosema na siwezi kunyamaza." Heshima haipunguzi uwazi wa swali. Kwa watu wa rika la wazazi wetu ndiyo inayolifanya lipokelewe.

Kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kinatisha, lakini mwachie. Akisema ndiyo, muulize kama ameshafikiria atafanyaje na lini. Anayejua namna na saa yuko karibu zaidi na hatari kuliko anayesema tu maisha yamemchosha. Wote wawili wanahitaji msaada, ila wa kwanza anauhitaji sasa hivi.

Akishaniambia ndiyo, niseme nini?

Kidogo sana. "Asante kwa kuniambia. Pole. Sitakuacha peke yako, tutafute mtu wa kukusaidia." Hayo yanatosha kuanzia, na mengine ni kusikiliza.

Yanayoharibu tunayajua, maana ndiyo tunayoambiana kila siku: jikaze wewe ni mwanaume, mbona wenzako wana shida kubwa, utakufa na dhambi, fikiria watoto wako. Hilo la watoto linaonekana jema, lakini mtu huyu huenda ameshajiaminisha kuwa yeye ndiye mzigo kwa hao watoto, na unamwongezea aibu. Dini akiileta yeye, mfuate. Usianze wewe kumhubiria. Hata utani wa kumchangamsha, ambao ndio lugha ya baa, uuweke pembeni kwa dakika kumi.

Akikuomba umtunzie siri, usikubali. Mwambie ukweli: "Sitamtangazia mtu, ila hili siwezi kulibeba mwenyewe. Nimwite nani unayemwamini?" Mara nyingi jina linatoka. Dada yake, rafiki wa kazini, shehe, mchungaji, jirani. Piga naye hapo hapo, ongea wewe kwanza kama yeye hawezi.

Amelewa. Si ni pombe tu inaongea?

Pombe haitungi uongo wa namna hiyo. Inachofanya ni kuondoa breki: inazidisha majonzi, inafupisha fikra, na jambo ambalo mtu angeliahirisha mpaka asubuhi linafanyika usiku. Kwa hiyo maneno ya mlevi kuhusu kufa yachukulie kwa uzito zaidi.

Acha kumhudumia pombe, lakini usimwaibishe mbele za watu. Leta maji, leta supu au chipsi, mwambie jiko linafunga. Usibishane naye. Asiendeshe gari wala bodaboda, na bodaboda asiyemjua asimbebe kumpeleka kwenye nyumba tupu. Usiku huo hoja ni moja, alale mahali penye mtu. Mazungumzo marefu yatafanyika akiwa na akili zake.

Na kama naona hatari ni ya sasa hivi?

Usimwache, hata kwenda kumwita meneja. Mtume mwenzako. Wawe watu wawili kama inawezekana, mmoja wa kukaa naye na mwingine wa kupiga simu. Ondoeni karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho, kwa utulivu, bila kumpekua kama mwizi. Kama amekodi chumba, mhamishieni cha chini karibu na mapokezi, au akae nanyi mpaka ndugu wafike. Akinyamaza chumbani na hajibu mlango wala simu, msisubiri saa ya kutoka: meneja na mtu mwingine wafungue kwa ufunguo wa akiba.

Akiwa amejidhuru au amemeza kitu, ni hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, na mbebe kopo au pakiti mliyoikuta ili wajue cha kutibu. Msimpe maziwa wala kumtapisha. Namba ya dharura ni 112 Tanzania na Kenya. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia, na Befrienders Kenya, 0722 178 177. Tanzania hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa ndiyo njia ya kuingilia, na kutoka hapo mtu anaweza kupelekwa kwenye huduma za afya ya akili kama za Muhimbili au Mirembe, Dodoma.

Polisi hawatamkamata? Na mimi sitageuzwa shahidi?

Hofu hii imewanyamazisha watu wengi kuliko kutojua. Sheria za kikoloni zililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichowaadhibu waliojaribu, kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania Kanuni ya Adhabu imelihesabu kuwa kosa. Maoni yangu ni kwamba sheria ya namna hii haimzuii mtu aliyekwisha kukata tamaa, inamzuia tu jirani yake asiombe msaada. Kwa mhudumu, mteja anayekuambia ana mawazo hajafanya jaribio lolote, na kumsindikiza kwa ndugu au kwa daktari si kosa. Aliyejidhuru naye ni mgonjwa wa dharura. Mwahisheni hospitali kwanza, maswali ya kituoni yatafuata.

Nikimzuia leo, si atarudia kesho tu?

Wengi hawarudii. Mtafiti Richard Seiden alifuatilia watu 515 waliozuiwa wasijiue katika daraja moja la San Francisco, Marekani, kati ya 1937 na 1971. Mwaka 1978 alieleza kwamba takribani asilimia 94 walikuwa hai au walikufa kwa sababu za kawaida. Saa ya hatari kubwa hupita, ingawa mwenye kuwa ndani yake haoni hivyo. Kwa hiyo saa moja ya mhudumu kukaa na mtu ina uzito wake.

Akirudi wiki ijayo akikukwepa kwa aibu, msalimie kama kawaida, mpe meza yake. Muulize mara moja, kwa siri, kama alifika hospitali. Basi.

Sisi wenye biashara: mafunzo haya yanachukua muda gani, na yana faida?

Kozi fupi za kumfundisha mtu wa kawaida kuuliza, kushawishi na kuelekeza huchukua saa moja au mbili. Huduma ya kwanza ya afya ya akili, iliyoanzia Australia mwaka 2000, ni ndefu zaidi. Kwamba asiye daktari anaweza kufundishika hakuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wagonjwa kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wafundisheni wote, mlinzi na msafisha vyumba wakiwemo, kwa sababu huyo wa mwisho ndiye anayeingia ndani. Waigize: mmoja awe mteja, mwingine aulize lile swali kwa sauti mpaka lisimkwame kooni. Bandikeni namba nyuma ya kaunta. Mabadilishano ya zamu yataje mteja anayetia wasiwasi, kama yanavyotaja bili ambayo haijalipwa.

Lakini anzeni na meneja. Mhudumu anayejua kwamba akiacha meza tatu kwa dakika ishirini atakatwa mshahara, au bili ya mteja aliyeondoka itamwangukia yeye, hatamuuliza mtu kitu hata mkimpa vyeti vitano. Meneja atamke mbele ya wote: ukimkalia mteja wa namna hii, meza zako zitashikwa na mwenzako na hutadaiwa.

Tukimpoteza mtu ndani ya jengo letu?

Aliyemkuta asirudishwe kazini siku hiyo, wala asiambiwe asafishe chumba. Apelekwe nyumbani na mtu, na apewe nafasi ya kuongea na mshauri nasaha siku zinazofuata. Picha zisipigwe. Simulizi ya namna alivyofanya isiingie kwenye magrupu ya WhatsApp, maana maelezo hayo huweza kumvuta mwingine aliye ukingoni. Na msimtafute wa kulaumiwa kati yenu. Kuna watakaokufa hata mkiwa mmefanya kila kitu.

Na kama mwenye mawazo hayo ni mimi?

Kazi hii ina usiku mrefu, mshahara mdogo, matusi, na pombe iko mkononi muda wote, kwa hiyo hushangazi mtu. Mwambie mmoja leo, kabla ya zamu kuisha: mwenzako wa kaunta, dada yako, yeyote. Lala kwao. Asubuhi aende nawe hospitali, na dirishani sema hivyo hivyo ulivyomwambia: nina mawazo ya kujiua.