Petro Alipouona Upepo

Nimekuwa mchungaji na mwalimu wa Maandiko hapa Mwanza kwa miaka mingi, na swali ambalo waumini huniuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine yote ni kama mtu mwenye shaka juu ya Mungu bado anaweza kuitwa mwamini. Huliuliza baada ya ibada, wenzao wakishatoka, kama watu wanaoungama dhambi.

Mjane mmoja hakusubiri faragha. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, na mtumbwi wake ulipinduliwa na dhoruba katika usiku usio na mwezi, wakati ambapo wavuvi huingia ziwani na taa zao. Siku ya tatu ya matanga aliniambia mbele ya watu, "Mchungaji, Mungu alikuwa wapi usiku ule? Nitamwomba tena kwa kinywa gani?" Nilimjibu upesi kwamba asiseme hivyo, asije akakufuru. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonirudisha kusoma upya habari ya Petro, mwanafunzi wa Yesu, alipotembea juu ya maji kumwendea Bwana wake.

Petro alikuwa mvuvi. Alijua upepo wa Ziwa Galilaya, ziwa dogo lililozungukwa na vilima, ambalo huchafuka ghafla. Mathayo anasema kwamba alipouona upepo aliogopa, akaanza kuzama, akapiga yowe: "Bwana, niokoe." Yesu alimshika kwanza, ndipo akamwuliza, "Mbona uliona shaka?" Utaratibu huo una uzito mkubwa kwangu, kwa kuwa swali liliulizwa na aliyekwisha kumshika mkono, na yowe la mtu anayezama lilikubaliwa kuwa sala kamili. Neno la Kiyunani lililotumika hapo, distazo, lina ndani yake maana ya "mbili": ni moyo uliogawanyika, unaovutwa huku na huku, wala si moyo uliomkana Mungu. Katika Agano Jipya lote neno hilo linapatikana mara mbili tu, na mara ya pili ni mwishoni mwa Mathayo, ambapo wanafunzi walimsujudia Bwana aliyefufuka, "lakini baadhi yao waliona shaka." Wenye shaka hawakutengwa na wenzao; wote kwa pamoja walitumwa kwa mataifa.

Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi. Zaburi nyingi za maombolezo, kama ile ya 13 inayoanza kwa kuuliza "hata lini," hatimaye hugeukia sifa. Hii inaishia gizani, bila faraja yoyote. Hata hivyo iliwekwa katika kitabu cha sala ili watu wa Mungu waiimbe, na mwombaji wake, ingawa anamlaumu Mungu kwa kumficha uso, halalamiki kwa mwingine. Ndiyo sababu Ayubu, aliyesema maneno makali kuliko rafiki zake wote, ndiye ambaye Mungu alisema amenena yaliyo sawa. Sikatai kwamba ipo shaka ambayo mtu huitumia kama kisingizio cha kukimbia wajibu, lakini shaka ya aliyefiwa si hiyo, na kumnyamazisha ni kumfunga kinywa asizungumze na Mungu wake.

Ninapofundisha jambo hili huwarudisha wanafunzi kwenye lugha yetu wenyewe. Maneno yetu imani, amini na amana yana shina moja na amina ya Waebrania, na kwa Kiebrania neno la jamii hiyo, emuna, hutajwa katika Kutoka 17 kuhusu mikono ya Musa, aliyoiinua Waisraeli walipokuwa wakipigana na Amaleki, nayo ikathibitika hata jua lilipokuchwa. Mikono hiyo ilikuwa imechoka na kuwa mizito. Ilithibitika kwa sababu Haruni na Huri waliishika, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili.

Nilirudi kwa yule mama, nikamwomba radhi, tukasoma pamoja Zaburi ya 88 bila kuongeza neno la kuilainisha. Aliniuliza kama kweli hayo yameandikwa katika Biblia, nami nikampa aione kwa macho yake. Kwa miezi mingi aliendelea kuja ibadani bila kuimba, akiketi katikati ya kina mama wa kwaya, ambao hawakumhimiza afungue kinywa. Waliimba tu wakiwa wamemzunguka.