Tangi Kubwa la Matumbawe Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayetaka kujenga akwariamu ya matumbawe ya lita 2,000 au zaidi nyumbani kwake huwa ameshaambiwa mara nyingi kwamba tangi likiwa kubwa, utunzaji wake huwa rahisi. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli kwamba maji mengi hubadilika polepole. Samaki akifia mafichoni katika tangi la lita 100, amonia inayotoka kwenye mzoga wake inaweza kuwaua wenzake kabla hakujakucha, ilhali katika lita 2,000 amonia hiyohiyo imetawanyika kwenye maji mara 20 zaidi na bakteria wana wasaa wa kuimaliza. Lakini upole huo wa maji haubagui mazuri na mabaya. Tatizo lililojijenga kwa wiki 6 haliondoki kwa siku 2, na dawa yake hupimwa kwa ndoo na magunia, si kwa vijiko. Kwa maoni yangu, ukubwa humpa mfugaji muda tu, na muda huo humfaa yule anayepima maji kila wiki na kuandika alichokiona. Anayengoja samaki wamwonyeshe dalili hupata hasara kubwa kuliko ile ambayo angeipata kwenye tangi dogo.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue tangi moja la mfano: urefu sentimita 250, upana sentimita 100, kimo sentimita 80. Likijaa pomoni linabeba lita 2,000.

"Sakafu imara itabeba tu"

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, kwa hiyo maji ya tangi hili peke yake ni tani 2 na kilo 50, kabla hujaongeza vioo, mawe, mchanga, meza ya chuma na tangi la chini. Mzigo huo umekaa juu ya mita 2.5 za mraba, yaani zaidi ya kilo 800 kwa kila mita ya mraba. Sakafu za ghorofani katika nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Tofauti hiyo haina maana kwamba dari ya jirani wa chini itaporomoka jioni ileile, kwa kuwa usanifu una akiba na mzigo huhesabiwa kwa chumba kizima. Ina maana kwamba uamuzi ni wa mhandisi wa majengo, wala si wa muuzaji wa tangi. Mahali pasipo na ubishi ni sakafu ya chini kabisa, juu ya zege lililomwagwa ardhini, na hata hapo meza lazima ipimwe kwa pimamaji kona zote, maana kioo kinachokaa upande husukumwa mahali ambapo hakikutengenezwa kusukumwa.

Kosa linalofanana na hilo ni kudhani kwamba unene wa kioo huamuliwa na idadi ya lita. Kinachoamua kwanza ni kimo cha maji, kisha urefu wa kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha tangi letu husukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 820 hivi, usiku na mchana, miaka yote. Ukipunguza kimo hadi sentimita 60 na kuongeza upana ili lita zibaki zilezile, nguvu hiyo hushuka hadi takriban kilo 460.

Kimo kina adha nyingine ambayo haionekani kwenye michoro. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 70 hivi. Kipande cha tumbawe kikianguka nyuma ya mawe katika tangi la sentimita 80, utapanda ngazi, utainama hadi maji yakufike kwapani, utageuza uso pembeni ili maji ya chumvi yasikuingie mdomoni, na bado ncha za vidole zitaishia juu ya kile kipande. Koleo refu husaidia, ila tumbawe lenye matawi membamba halipendi koleo. Ningekuwa ninachagua leo, nisingepita sentimita 65.

"Tangi la chini ni la kuwekea vifaa tu"

Tangi la chini, lile linalokaa kabatini au chumba cha pili likibeba skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu), hita na pampu ya kurudisha maji, ndilo pia kimbilio la maji pale umeme unapokatika. Hapa ndipo wengi hujikuta wakipiga deki usiku wa manane. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu huendelea kuteremka hadi yafike ukingo wa mdomo wa kufurikia, na kama bomba la kurudishia limezamishwa sana, hugeuka mrija wa kunyonya na kuyavuta maji kinyumenyume mpaka mdomo wake upate hewa. Kushuka kwa sentimita 2 tu katika tangi letu ni lita 50. Tangi la chini lililojazwa karibu na ukingo ili lipendeze halina pa kuziweka lita hizo.

Jaribio lake ni rahisi na hufanywa kabla ya kiumbe chochote kuingia. Jaza maji, washa kila kitu, kisha uzime umeme wote kwa mpigo na usimame mbele ya tangi la chini ukiwa na tochi. Utaona maji yakipanda kwa kasi, kisha taratibu, kisha yakitulia. Piga mstari wa wino mahali yalipotulia, halafu urudishe umeme na upige mstari wa pili mahali yanapokaa siku zote. Mstari huo wa pili usivukwe kamwe. Tundu dogo linalotobolewa kwenye bomba la kurudishia karibu na uso wa maji huvunja mvuto, ila konokono mmoja hulitosha kuliziba, kwa hiyo lisiwe tegemeo la pekee. Mabomba ya kuteremshia nayo yawe matatu: moja linalojaa maji kabisa, la pili linalopitisha ziada kidogo, na la tatu kavu linalongoja siku mawili ya kwanza yatakapoziba. Maji yakimwagika hayazoleki, na katika fani hii methali hiyo si mafumbo.

Kuhusu umeme wenyewe, watu hununua jenereta wakiwaza taa na joto. Kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 za Selsiasi hubeba chini kidogo ya miligramu 7 za oksijeni kwa lita, na usiku samaki, matumbawe, mwani na bakteria wote huitumia bila kuirudisha. Pampu moja ya kuchezesha uso wa maji iliyounganishwa kwenye betri ina thamani kuliko taa zote zilizo juu yake.

"Maji ya bomba yakilala usiku mmoja yanafaa"

Klorini inaweza kupungua kwa kulaza maji. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haiondoki kirahisi hivyo, na shaba, fosfati na silika hazipungui hata kidogo. Shaba kwa kiasi kidogo sana huwaua kamba, konokono na matumbawe. Ndiyo maana maji hupitishwa kwanza kwenye mashine ya kuchuja kwa utando pamoja na resini, na hapo ndipo ukubwa wa tangi unapojionyesha: mashine ya nyumbani inayotoa lita 280 kwa siku itafanya kazi wiki nzima kujaza tangi letu mara moja, na zile za kawaida hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita moja safi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, kwa hiyo kujaza mara ya kwanza hutumia kama kilo 72 za chumvi ya akwariamu, na kubadilisha asilimia 10 hutumia kilo 7 kila safari. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesiamu wala madini mengine yanayohitajika.

Maji yanayokauka hayaondoki na chumvi. Kinachoongezwa kila siku, kwa hiyo, ni maji safi yasiyo na chumvi, na katika uso wa mita 2.5 za mraba yanaweza kufika lita 20 na zaidi. Maswali mengi huishia hapo, ilhali lililo muhimu ndilo linalofuata: lita hizo zimekwenda wapi? Zimeingia kwenye kuta, dari na mapazia. Chumba kisichokuwa na feni ya kutoa hewa nje huota kuvu ndani ya miezi michache. Tena nyumba iliyofungwa madirisha hukusanya hewa ya ukaa kutokana na pumzi za wakazi wake, hewa hiyo huyeyuka kwenye maji, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, hushuka chini ya 8. Mfugaji hununua kemikali za kuipandisha wakati angeweza kuvuta hewa ya nje kwa mpira mwembamba hadi kwenye skima.

"Mashine ndizo zinazosafisha"

Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotunza matumbawe hai kwa kutumia mawe ya mwamba, maji ya bahari, mwanga na viputo vya hewa. Kazi kubwa ilifanywa na bakteria waliomo ndani ya mawe, na leo ni vivyo hivyo hata pale ambapo kabati limejaa vifaa. Bakteria hao hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kuwakuza huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na chupa ya bakteria huharakisha mwanzo bila kufuta safari. Kishawishi cha tangi kubwa ni kwamba huonekana tupu, basi mtu akamwaga samaki 15 kwa siku moja. Idadi ya bakteria hulingana na chakula walichokuwa wakikipata jana, si na lita za maji.

Upande wa pili wako wanaotaka maji yasiwe na nitrati wala fosfati kabisa. Tumbawe ni mnyama anayehifadhi mwani wa hadubini ndani ya mwili wake, naye pamoja na mpangaji wake wanahitaji naitrojeni na fosforasi. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri kwa wiki kadhaa, matumbawe hupauka, na mara nyingi dinoflajelata, viumbe vya hadubini, hujitandaza juu ya mchanga kama kamasi la kahawia lenye viputo.

Kubadilisha maji hakutoshi kulisha mifupa ya matumbawe magumu, ingawa husemwa sana kwamba kunatosha. Tuseme matumbawe yetu yanatumia digrii 1 ya alikalini (bikaboneti iliyomo majini, ambayo matumbawe hujengea mifupa) kwa siku, jambo la kawaida yakishashamiri. Kwa wiki ni digrii 7. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kwa chumvi iliyo juu ya tangi kwa digrii 2, umerudisha digrii 0.2. Pengo hilo, kwa lita 2,000, ni kama gramu 60 za bikaboneti ya sodiamu kila siku, karibu kilo 22 kwa mwaka, pamoja na kalsiamu inayoendana nayo. Ndiyo sababu matangi makubwa hutumia mtambo wa chokaa, silinda inayoyeyusha vipande vya mifupa ya matumbawe kwa hewa ya ukaa.

"Samaki hukua kulingana na tangi, na tangi kubwa halihitaji karantini"

La kwanza halihitaji maneno mengi. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30. Akidumaa, amedumaa kwa sababu ya maisha mabaya.

La pili ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwa kuwa ukweli uko kinyume kabisa: tangi likiwa kubwa, karantini huwa ya lazima zaidi. Kimelea Cryptocaryon irritans hutokea kama punje za chumvi juu ya mapezi. Baada ya siku chache punje hupotea, mwenye tangi hufurahi na kuwasifu kamba wasafishaji, kumbe vimelea vimedondoka mchangani, vimejifunga ndani ya vifuko vigumu na vinagawanyika ili virudi kwa mamia. Dawa ya shaba inavimaliza, lakini haiwezi kutiwa kwenye maji yenye matumbawe. Inabidi samaki wote wahamishwe. Sasa mfikirie kangaja mmoja, mwenye afya ya kutosha kukimbia, katika mita 2.5 za mapango uliyoyajenga kwa makusudi ili apate pa kujificha. Wavu haumfikii. Mtego humnasa mwenzake. Mwishoni mawe huondolewa moja baada ya jingine, matumbawe yaliyokwisha kushikana nayo yanavunjika, na maji yanakuwa kama uji.

Tangi tupu la lita 150, lenye hita, chujio la sifongo na vipande vya bomba vya kujifichia, lingemshika samaki huyo kwa wiki kadhaa kabla hajagusa maji makubwa. Asiyekuwa nalo atalinunua baadaye kwa haraka, pengine mawili au matatu, kisha atafuata ushauri wa kawaida wa kuliacha tangi kubwa bila samaki hata mmoja kwa siku 76, akiendelea kupima alikalini na kumwagia dawa za chokaa matumbawe yasiyokuwa na wa kuogelea juu yake.