Je, wajua urefu wa jina lako unaweza kubadili kasi ya programu?

Chukua kompyuta moja yenye Linux na programu ileile. Ingia kwa akaunti ya "ali", pima muda. Toka, ingia kwa "mwanahamisi", pima tena. Majibu yanaweza kupishana, na mashine haina ubaguzi wowote.

Programu inapoanza hukabidhiwa furushi la taarifa: jina la mtumiaji, folda yake, lugha yake. Furushi hilo hukaa jirani na staki, sehemu ya kumbukumbu ambamo programu huweka vitu vyake vya muda. Jina likirefuka, staki nzima inasogea. Sasa, prosesa nyingi za Intel zikitaka kusoma kitu hutazama kwanza biti 12 za mwisho za anwani, yaani namba ya mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu, na kuzilinganisha na za uandishi ambao haujakamilika, kama karani anayekagua tarakimu za mwisho tu za namba ya simu. Anwani mbili tofauti zikifanana hapo, usomaji unasubiri uandishi usiouhusu kabisa. Kusubiri kwenyewe ni kufumba na kufumbua, lakini kukirudiwa mara milioni mia ndani ya kitanzi, yaani kipande cha msimbo kinachojirudia, saa itasema.

Hapo ndipo wanaotengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, wanapopata kibarua. Umebuni mbinu mpya, umepima, kasi imepanda asilimia 2. Unashangilia nini? Mbinu yako imerefusha pia baadhi ya amri, na zote zilizofuata zimesogezwa. Huenda kilichosaidia ni huko kusogea tu.

Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walilinganisha ngazi mbili za uboreshaji wa kasi za kompaila iitwayo GCC: O2 na ile ya juu yake, O3. Kubadili ukubwa wa lile furushi, au mpangilio wa mafaili wakati wa kuyaunganisha, kulitosha kugeuza jibu la ipi ina kasi zaidi.

Charlie Curtsinger na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst wakaja na dawa mwaka 2013: Stabilizer. Chombo hiki huchanganya upya mahali pa msimbo, staki na data nyingine huku programu ikiendelea kukimbia, ili bahati ya mahali isimpendelee yeyote. Wakaipima LLVM, kompaila nyingine, kwa njia hiyo. O2 iliishinda O1, ngazi ya chini yake, waziwazi. Lakini faida ya O3, ngazi ambayo wengi wetu huiandika kwa mazoea tu, juu ya O2 haikuweza kutofautishwa na kelele za vipimo, yaani kupishana kwa bahati tu.