Machine Head si albamu ya gitaa peke yake: dhana potofu ninazozisikia darasani

Mwanafunzi mpya wa gitaa akiniambia kwamba anapenda roki ngumu ya miaka ya sabini, najua kwamba muda si mrefu ataitaja Machine Head, albamu ya Deep Purple iliyotoka Machi 1972, na najua pia atakachosema juu yake. Atasema kwamba ni albamu ya gitaa, kwamba uzito wake wote unatoka mikononi mwa Ritchie Blackmore, na kwamba wenzake wanne, yaani Ian Gillan aliyeimba, Jon Lord wa kinanda, Roger Glover wa besi na Ian Paice wa ngoma, walikuwa wasindikizaji tu. Kwa kuwa nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, naliandika.

Dhana: ule mngurumo ni wa magitaa mawili

"Mwalimu, hapa kuna gitaa la pili, mbona hukuniandikia?" Swali hili huja kila tunapofika kwenye Smoke on the Water, wimbo wa albamu hiyo. Deep Purple ilikuwa na mpiga gitaa mmoja. Kile ambacho mwanafunzi anakihesabu kuwa gitaa la pili ni kinanda cha Hammond, na aliyekipiga ni Jon Lord.

Naelewa kosa hili linatoka wapi. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea bendi ambamo kazi ya nyuzi imegawanywa kati ya mpiga solo, mpiga rithimu na mpiga besi, na mara nyingine solo mbili zikajibizana, hivyo sikio letu likikutana na mistari miwili minene inayokwenda pamoja huhesabu magitaa bila hata kuuliza. Katika Deep Purple kiti cha rithimu kilikaliwa na kinanda, tena na mtu aliyesomea piano ya kiklasiki tangu utotoni, na ambaye mwaka 1969 alikuwa ameshatunga kazi nzima ya bendi na okestra iliyopigwa katika ukumbi wa Royal Albert, London. Kumwita mtu huyo msindikizaji ni kutosikiliza.

Kinanda cha Hammond cha zama zile hutoa sauti kwa magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku zilizozungushiwa waya, na kutoka hapo hupatikana mawimbi ya umeme, kama vile uzi wa gitaa unavyofanya ukitikisika juu ya pikapu, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Wapigaji wengi waliyapeleka mawimbi hayo kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna sehemu zinazozunguka, na ndiyo iliyotupa ile sauti ya kutetemeka tunayoijua kutoka makanisani na kwenye jazi. Lord aliyapeleka kwenye amplifaya (vikuza sauti) za kampuni ya Marshall, zilezile za wapiga gitaa, akaziongeza nguvu mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Aliyemlaumu Blackmore peke yake kwa mngurumo wa wimbo wa Space Truckin' amelaumu nusu ya wahusika.

Anayetaka kuthibitisha na asikilize Lazy kutoka mwanzo, kwa visikilizio vya masikioni, wala si kwa spika ya simu. Wimbo huo una zaidi ya dakika saba, na Gillan haanzi kuimba mpaka dakika ya nne imepita. Mwanzoni kabisa yupo Lord peke yake: kinanda kinanguruma, kinapasuka, kinafanya yote ambayo watu huyahusisha na gitaa, ilhali gitaa bado halijaguswa. Sikio likishaishika sauti hiyo, lipeleke moja kwa moja kwenye Space Truckin', wimbo unaofuata na wa mwisho katika albamu, na utaitambua ileile ikiwa imejificha ndani ya mdundo mkuu. Kisha rudi kwenye Smoke on the Water. Gitaa huanza peke yake, yakafuata matoazi ya mguu (hi-hat ya mpiga ngoma), na ndipo kinanda kinapoingia kikipiga mstari uleule. Marudio ya kwanza ni membamba, na yale ya baadaye yamenenepa bila gitaa kuongezwa chochote.

Ipo na njia nyingine ya kuvitenganisha vyombo hivi. Uzi uliopigwa huanza kwa mguso unaosikika kisha hufifia, hata kama amplifaya inauchelewesha usife. Kinanda cha Hammond hakijui kufifia: noti hubaki na nguvu ileile mpaka kidole kiondoke, wala ukikandamiza kibonye kwa hasira sauti haiongezeki. Basi pale ambapo sauti nzito inakaa palepale bila kulegea hadi ikatike ghafla, mara nyingi unamsikiliza Lord.

Kinachoniudhi si ubishi wenyewe, maana kila msikilizaji ana haki ya kumpenda anayempenda. Kinachoniudhi ni fedha. Vijana hununua pedali ya kukwaruza (kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa), wakaongeza ya pili, wakabadilisha na pikapu, wakitafuta kwenye gitaa moja sauti ambayo haikutengenezwa na gitaa moja, na mwisho wake wanapata kelele iliyoziba kila noti. Ushauri wangu haujabadilika: punguza mkwaruzo hadi nusu, kisha tafuta rafiki anayepiga kinanda. Kanisani wamejaa.

Dhana: mstari wa Smoke on the Water ni wa wanaoanza, tena ni wa pleki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi

Ni kweli kwamba mtoto anaweza kuupiga kwa uzi mmoja siku ya kwanza. Kuupiga kama ulivyorekodiwa ni jambo jingine, na hapa hata walimu wenzangu hukosea. Wengi hutumia zile kodi za nguvu (noti mbili zinazopigwa pamoja) zinazoshikwa kwenye nyuzi nene, ambamo noti ya G iko chini na D iko juu yake. Blackmore alizipindua: D iko chini, G iko juu, na mstari wote unasogea kwa jozi za namna hiyo kwenye uzi wa nne na wa tatu. Anza na nyuzi wazi, kisha freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) ya tatu na ya tano. Nyuzi wazi tena, ya tatu, ya sita, ya tano. Halafu nyuzi wazi, ya tatu, ya tano, ya tatu, na nyuzi wazi. Nyuzi zote mbili huvutwa kwa vidole kwa wakati mmoja, na sababu yake inasikika: pleki, hata mkono uwe mwepesi namna gani, hugusa uzi mmoja kabla ya mwenzake, wakati vidole huziachia pamoja na noti zikatoka zimebana na safi. Mwanafunzi akibishana nami kuhusu pleki, namwambia ajirekodi kwa njia zote mbili. Huwa hatuendelei kubishana.

Dhana: solo zote zilibuniwa papo hapo

Jukwaani, Deep Purple walibuni kwa muda mrefu mpaka wimbo mmoja ukajaza upande mzima wa santuri. Solo ya gitaa katika wimbo wa Highway Star, hata hivyo, haikuzuka studioni. Blackmore aliipanga noti kwa noti kabla ya kurekodi, juu ya mfuatano wa kodi aliouchota kwenye mtindo wa Bach, mtunzi wa kiklasiki, kisha akapiga mstari wa pili wa kuandamana na ule wa kwanza. Usimfundishe mtu kwamba ustadi ni kutojiandaa.

Dhana: Smoke on the Water unahusu dawa za kulevya

Unahusu moto, na si wa mafumbo. Tarehe 4 Desemba 1971, katika kasino ya Montreux, Uswisi, mtu mmoja katika hadhira alifyatua fataki ya ishara wakati mwanamuziki Frank Zappa na bendi yake ya Mothers of Invention wakiwa jukwaani. Jengo likateketea, vyombo vya Zappa vikateketea pamoja nalo, na moshi ukatanda juu ya Ziwa Geneva. Hakuna aliyefariki. Yule Claude anayetajwa katika mashairi ni Claude Nobs, mwasisi wa tamasha la jazi la Montreux, aliyesaidia kuwatoa watu ndani. Deep Purple walikuwa wamekuja kurekodi katika kasino hiyohiyo, na mashairi yanaeleza yaliyowapata kama ripoti.

Dhana: sauti nzuri namna hii lazima ilitoka studio ya kifahari

Walirekodi katika korido za Grand Hotel, hoteli iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, wakitumia magodoro kuzuia mwangwi, na mitambo ya kurekodi ilikuwa nje ndani ya lori la bendi ya Rolling Stones, chini ya fundi Martin Birch. Kufika kwenye lori hilo kulikuwa na mzunguko mrefu kiasi kwamba waliacha kwenda kusikiliza kila walichorekodi. Msingi wa Smoke on the Water ulikuwa umeshapatikana kabla ya hapo, katika ukumbi wa Pavilion, usiku ambao majirani walilalamika na polisi wakaja kugonga mlango. Kazi nzima ilimalizika mwezi uleule wa Desemba.

Dhana: walijua tangu mwanzo kwamba Smoke on the Water ndio utakaovuma

Waliweka matumaini yao kwenye wimbo mwingine wa albamu, Never Before, ambao leo wasikilizaji wengi huuruka. Smoke on the Water ulitolewa kama singo (santuri ya wimbo mmoja) Marekani mwaka 1973 tu, zaidi ya mwaka mmoja baada ya albamu, ukafika nafasi ya 4.

Dhana: hii ni albamu ya metali (heavy metal)

Lazy ni bluzi ya mwendo wa kudunda, na ndani yake Gillan anapuliza hamonika. Maybe I'm a Leo nayo ni bluzi, yenye mstari usioanza kwenye pigo la kwanza, na ndiyo maana wanafunzi huuingia vibaya. Metali ilikuja kuchota humu. Hiyo ni habari nyingine.

Dhana: toleo jipya ndilo sahihi kwa sababu ni jipya

Mwaka 1997 Roger Glover alizichanganya upya rekodi hizi, yaani alipanga upya sauti za kila chombo, na katika kazi hiyo vimo vipande ambavyo havisikiki katika albamu ya 1972. Mwaka 2024 kazi ya kuchanganya upya ilipewa Dweezil Zappa, mtoto wa yuleyule aliyekuwa jukwaani siku ya moto. Yote mawili yanafaa kusikilizwa, lakini ubishi mwingi ninaoletewa kuhusu noti fulani ipo au haipo ni ubishi wa watu wanaosikiliza matoleo tofauti, kila mmoja na simu yake. Taja toleo kwanza. Mimi nafundishia lile la 1972, na ndilo ninalotumia kusahihishia.