Alama isiyoonekana mwishoni mwa mstari

Juzi, saa tano usiku, kijana tunayefanya naye kazi hapa Tudor, Mombasa, alinipigia simu. "Kaka, seva inasema faili halipo, na mimi naliona kwa macho yangu!" Alikuwa amerekebisha skripti, yaani faili la amri, kwenye Windows kisha akaipandisha kwenye seva ya Linux. Nikamwomba anisomee kosa herufi kwa herufi. Alipofika `/bin/bash^M`, nikajua.

Seva ilikuwa inasema kweli. Mstari wa kwanza wa skripti huitajia Linux programu ya kuiendesha. Hiyo `^M` ni alama namba 13, nayo Linux ikaihesabu kuwa sehemu ya jina. Ikaitafuta programu ambayo haijawahi kuwapo. Kilichokosekana ni hiyo programu, skripti yenyewe ilikuwapo.

Asili yake ni mashine za zamani za kuchapa kwa waya. Kumaliza mstari kulihitaji hatua mbili: kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, alama 13, kisha kusogeza karatasi, alama 10. Windows imezibakiza zote mbili. Linux hutumia 10 peke yake, na Mac pia tangu Mac OS X ya 2001.

Ukishuku faili, andika `cat -A tuma.sh`. Mistari ikiishia `^M$`, ndiyo hiyo. Amri iliyookoa usiku ule ilikuwa hii, inayofuta alama 13 mwishoni mwa kila mstari:

`sed -i 's/\r$//' tuma.sh`

Wengi hushauri kila mtu aweke `core.autocrlf` kwenye mashine yake, mpangilio wa Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) unaogeuza alama hizo. Mimi sikubaliani nao. Mpangilio huo hausafiri na msimbo. Akija mtu mpya Jumatatu, tatizo limerudi. Kanuni ikae ndani ya mradi wenyewe, kwenye faili la `.gitattributes` (`lf` ni alama 10 peke yake, `crlf` ni 13 na 10):

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
```

Kisha `git add --renormalize .`, ili faili zilizokuwapo zifuate kanuni hiyo, na mabadiliko hayo yarekodiwe peke yake. Tafadhali usiyachanganye na kazi nyingine. Nimewahi kupewa faili la mistari mia nne nilikague, yote ikionyesha imebadilika kwa sababu ya alama hizi, kumbe aliyelihariri aligusa mitatu tu. Kuitafuta ile mitatu kulinilia asubuhi nzima.

Skripti ya kijana ilipita saa sita kasorobo. Kabla hajalala nilimwomba aliongeze faili la `.gitattributes` kwenye mradi, na akaliongeza.